Ushuhuda na Msambwa: Lugha ya Wongofu katika Bungoma na Kitale

Utangulizi

Historia ya Ukristo katika magharibi mwa Kenya imekwisha kuandikwa kwa kina na wanahistoria, wanateolojia na wanaanthropolojia. Tunazo habari za misheni, za shule, za migawanyiko ya madhehebu na za mila zilizopigwa vita. Kilichoachwa kando, ambacho kwa haki ni shamba la mhakiki wa fasihi, ni masimulizi yenyewe: namna mtu aliyeongoka anavyousimulia wongofu wake mbele ya watu. Makala haya yanachunguza masimulizi hayo, yaitwayo ushuhuda, katika eneo lililo baina ya Bungoma na Kitale, na hasa katika viunga vya Webuye ambamo Matulo imo. Hoja yake ni kwamba umbo la ushuhuda, linaloyakata maisha ya mtu katika sehemu mbili, kabla na baada, halikuwa chombo kitupu cha kubebea habari za wongofu. Umbo hilo lilichangia kuamua nani ahesabiwe kuwa ameongoka, nani ahesabiwe kuwa ameasi, na nani ahesabiwe kuwa ni mwendawazimu. Maisha ya Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, yanalidhihirisha jambo hilo kuliko mengine yoyote.

Eneo lenyewe lina mambo yake. Kutoka Webuye, ambayo Waingereza waliiita Broderick Falls, njia moja yaelekea kaskazini hadi Kitale kupitia Lugulu, na nyingine yaelekea magharibi hadi Bungoma. Lugulu palikuwa na kituo cha misheni ya Wakweka wa Marekani, wanaojiita Marafiki. Jirani ya Webuye kuna vilima vya Chetambe. Huko, mwaka 1895, Wabukusu walipigana na kikosi cha Waingereza na washirika wao, ambacho C. W. Hobley alikuwa miongoni mwa viongozi wake, na ngome yao ya udongo ikavunjwa kwa bunduki. Kitale nayo ulikuwa mji wa masetla, uliofikiwa na reli mwaka 1926, wenye mashamba makubwa yaliyovuta vibarua kutoka pande zote za Bungoma. Kwa hiyo mkazi wa Matulo hakuwa mbali na misheni, wala na ngome iliyovunjwa, wala na shamba la mzungu. Yote matatu yaliingia katika ugomvi juu ya maana ya kuongoka.

Umbo la ushuhuda

Ushuhuda ni usimulizi mfupi wa nafsi ya kwanza, unaotolewa kwa mdomo mbele ya kusanyiko linalojua mapema jinsi utakavyokwisha. Katika uainishaji wa Mulokozi (1989) masimulizi ya kisalua yanajumuisha visakale, mapisi, tarihi na kumbukumbu. Ushuhuda ungeangukia katika kumbukumbu, kwa kuwa msimulizi anaeleza yaliyompata yeye mwenyewe. Hata hivyo una jambo ambalo kumbukumbu za kawaida hazina. Haukusudii kuhifadhi yaliyopita bali kuyakana. Msimulizi huyataja maisha yake ya zamani ili ajitenge nayo hadharani, na kadiri maisha hayo yalivyokuwa maovu ndivyo simulizi inavyopata nguvu. Ndiyo maana aghalabu mlevi na mgomvi huwa na ushuhuda unaosisimua kuliko wa mtu aliyelelewa kanisani tangu utotoni. Wahubiri wanalifahamu hilo, na wapo vijana wa jamaa za Kikristo waliolazimika kuyakuza makosa yao madogo ili nao wapate la kusimulia.

Katika Kiswahili umbo hilo limejengwa ndani ya sarufi. Sehemu ya kwanza huendeshwa na kiambishi -li-: nilikuwa mlevi, nilikuwa nikimpiga mke wangu. Mgeuko huja kwa -ka-, inayosukuma matukio mbele kwa haraka: nikasikia neno, nikaanguka, nikalia. Kisha huja -me-, na hapo mwendo husimama: nimeokoka. Tofauti kati ya "niliokoka" na "nimeokoka" si ndogo. La kwanza ni tukio lililopita, ambalo huenda lilifuatwa na jingine. La pili ni hali iliyopo sasa kwa sababu ya tukio hilo, na kusanyiko hungoja hilo la pili. Anayesema "niliokoka" bila kuongeza neno huulizwa mara moja yaliyompata baadaye.

Vitenzi vyenyewe vinastahili kuangaliwa. "Kuokoka" na "kuongoka" vimenyambuliwa kutoka "kuokoa" na "kuongoa" kwa kauli ya kutendeka, ambayo humwonyesha mtu akiwa katika hali bila kumtaja aliyemtia katika hali hiyo. "Kubatizwa" ni kauli ya kutendwa. Yupo mbatizaji hata asipotajwa. "Kutubu", kwa upande mwingine, ni tendo la mtu mwenyewe, na mzizi wake ni wa Kiarabu, kama ulivyo mzizi wa neno ushuhuda. Hapa pana jambo ambalo Mkristo wa bara hakuwa na haja ya kulikumbuka, lakini mhakiki hana budi kulikumbuka: ushuhuda, shahidi na shahada ni ndugu. Mtu anayesilimu huingia katika Uislamu kwa kutamka shahada, na "uongofu" katika matumizi ya Waislamu ni uongozi wa Mungu, yaani hidaya. Wamisionari waliofasiri Biblia huko Zanzibar na Mombasa katika karne ya 19 hawakuunda msamiati mpya wa wongofu. Waliuchukua ule uliokwisha kunolewa na karne nyingi za Uislamu wa pwani, wakaupeleka bara, na kule bara ukapokewa na watu wengi ambao hawakujua ulikotoka.

Simulizi za wongofu zilizoandikwa kwa Kiswahili hazikuanzia Bungoma. Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, chaeleza habari za watumwa waliokamatwa bara, wakapakiwa majahazini, wakanyakuliwa na manowari ya Kiingereza, na hatimaye wakatiwa katika kijiji cha misheni cha Freretown, jirani ya Mombasa. Katika kitabu hicho kuokolewa kuna maana mbili zisizoachana: kutolewa katika jahazi la mfanyabiashara wa watumwa na kutolewa katika dhambi. Kwa waongofu wa Freretown mkato wa kabla na baada ulikuwa kweli tupu, kwani walikuwa wamepoteza nchi, jamaa na mara nyingi hata jina. Umbo la ushuhuda liliwafaa kwa sababu maisha yao yalikuwa yamekatwa kwa upanga wa watu wengine. Hali ya Mbukusu ilikuwa tofauti kabisa. Aliongoka akiwa kwao, baba yake yu hai boma la pili, makaburi ya babu zake yako shambani, na ng'ombe za mahari bado hazijakwisha kulipwa.

Kusoma na kuacha

Wakweka watatu wa Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi mwaka 1902. Mwaka huohuo William James alichapisha kitabu chake maarufu juu ya maono ya dini, ambamo alieleza wongofu kuwa ni kuungana kwa nafsi iliyokuwa imegawanyika. Hakuna dalili kwamba habari za vitabu hivyo ziliwashughulisha watu wa Kaimosi, lakini mkabala wao ulitoka katika hewa ileile. Walikuwa wa tawi la kiinjili la Wakweka, lililoamini kwamba mtu hugeuzwa kwa tukio la ndani linaloweza kutajwa siku na saa yake.

Jambo moja la Wakweka liliathiri sana mwendo wa historia hii. Hawabatizi kwa maji, wala hawana meza ya Bwana ya mkate na divai. Mkatoliki wa Mumias aliweza kuonyesha ubatizo wake kuwa ni alama ya kuvuka, vivyo hivyo Mwanglikana wa Butere. Mkweka wa Lugulu hakuwa na alama ya aina hiyo. Alichokuwa nacho ni neno lake mwenyewe mbele ya wenzake, jina jipya la Biblia, na orodha ya mambo aliyoyaacha: pombe, tumbaku, ngoma, matambiko, mke wa pili. Kanisa lisilo na maji lililazimika kuupima wongofu kwa kuacha, na wazee wake wakawa, wapende wasipende, walinzi wa orodha hiyo.

Katika miongo ya kwanza neno lililotumika sana kwa Mkristo katika lugha za Kiluhya, kama katika Kiganda, halikuwa "aliyeokoka" bali "msomaji". Kuongoka na kushika kitabu yalikuwa jambo moja. (Neno "msomi" limepanda ngazi tangu wakati ule, hata leo huvaliwa na walimu wa vyuo vikuu ambao wengi wao hawangependa kukumbushwa asili yake ya darasa la katekisimu.) Kusoma ni tendo. Kuacha ni tendo. Kuingia na kutoka ni matendo. Msamiati wa wongofu wa siku hizo, kwa hiyo, ulimweka mwongofu katika nafasi ya mtenda: alikwenda darasani, akajifunza, akaacha hiki na kile, akajenga nyumba yake karibu na wasomaji wenzake. Upande wa Kaimosi na Maragoli vilizuka hata vijiji vya Wakristo, ambamo wasomaji waliishi kando na jamaa zao.

Kwa wanawake tendo hilo liliingia jikoni. Katika jamii nyingi za Waluhya mwanamke hakuruhusiwa kula kuku. Wasomaji wa kike wa Kimarafiki waliokula kuku hadharani walifanya jambo ambalo halikutajwa popote katika mafundisho ya imani, lakini wakwe zao walilielewa kuliko walivyoelewa mahubiri. Tukio hili halina "nilikuwa mwovu" ndani yake. Halina machozi wala toba. Ni simulizi ya mwiko uliovunjwa na mvunjaji asidhurike. Kifani iko karibu na ngano kuliko ushuhuda, na pengine ndiyo sababu imedumu katika vinywa vya watu ilhali shuhuda nyingi za toba za miaka ileile zimesahauliwa. Mhakiki atakayekusanya simulizi za wongofu na kuiacha hii nje kwa kuwa haifanani na umbo la kanisa atakuwa amewapoteza wanawake wa kizazi kizima.

Suala la lugha pia lilikuwa na uzito wake. Maandiko ya Marafiki yalifasiriwa kwa Kilogooli, kazi ambayo Emory Rees aliifanya huko Vihiga pamoja na Joel Litu. Wabukusu walilipokea neno katika lugha ya jirani, na kuwa Mkristo kulimaanisha pia kujifunza kuomba kwa maneno ya Wamaragoli. Ugomvi huo haukufa. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, chombo kikuu cha Marafiki kilichoundwa mwaka 1946, ulipoanza kugawanyika katika miaka ya 1970, Marafiki wa upande wa Elgon walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujitenga.

Msamiati wa kutenda ulianza kupata mshindani mwaka 1927. Mwaka huo, baada ya mahubiri ya Chilson huko Kaimosi, baadhi ya waumini walijazwa Roho, wakalia, wakatetemeka, wakanena kwa lugha na kuungama dhambi zao hadharani. Wakuu wa misheni wakaingiwa na hofu, na waliojazwa wakatengwa; kutoka kwao likatokea Kanisa la Roho Mtakatifu la Kiafrika, ambalo Jakobo Buluku alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa kwanza. Miaka kumi baadaye, mwaka 1937, uamsho uliotoka Rwanda na Uganda uliingia Kenya kwa mkutano wa Kabete, ukiwaleta "Walokole", neno la Kiganda lililo jirani sana na "waliookoka" la Kiswahili. Hapo ndipo kauli ya kutendeka ilipotamalaki. Kuacha pombe kulibaki kuwa lazima, ila sasa kuacha kulihesabiwa kuwa tunda, si mzizi. Mzizi ulikuwa tukio ambalo mtu hawezi kulifanya, linalompata tu, na anayepaswa kulisimulia.

Eliya wa Kimilili

Elijah Masinde alizaliwa upande wa Kimilili katika mwanzo wa karne ya 20. Alisoma katika shule ya Marafiki, akawa mshiriki wao, na akapata sifa katika mpira wa miguu hata akaichezea Kenya katika mashindano ya kombe la Gossage dhidi ya Uganda. Baadaye alifanya kazi ya kupeleka hati za baraza la kienyeji, yaani alikuwa akiwaita watu mahakamani, mashahidi wakiwamo. Alipooa mke wa pili Marafiki walimwondoa katika ushirika.

Katika lugha ya kanisa mtu huyu "amerudi nyuma". Msemo huo ni sehemu ya umbo la ushuhuda. Unamchukulia mtu kuwa yuko njiani, na njia hiyo ina pande mbili tu, mbele na nyuma. Bunyan aliieneza taswira hiyo ulimwenguni kote, Afrika Mashariki ikiwamo, kwa kitabu chake cha safari ya msafiri. Lakini ukiyatazama maisha ya Masinde bila ramani hiyo, mambo mengine huonekana. Kuondolewa kwake hakukuwa mwisho wa habari bali mwanzo. Katika miaka ya 1940 alijitokeza kuwa mtu aliyeitwa. Alikaidi amri za machifu juu ya kazi ya lazima, akafungwa, akadai kwamba wazungu waondoke, akawataka watu wamrudie Wele na misambwa, yaani mizimu ya wazee pamoja na taratibu za kuiheshimu. Yote ya ushuhuda yamo: maisha ya zamani yaliyokanwa, mgeuko, wito, na ujumbe kwa wengine waache walivyo na wageuke. Kilichobadilika ni kwamba giza la zamani, katika simulizi yake, ni kanisa lenyewe.

Ni kosa basi kuisoma Dini ya Msambwa kama mabaki ya kale yaliyokataa kufa. Wipper (1977) aliitazama zaidi kama uasi wa wakulima, naye de Wolf (1977) aliiweka katika mabadiliko mapana ya jamii ya Wabukusu. Wote wawili waliona jinsi mambo ya Biblia yalivyochanganyika ndani yake. Wafuasi waliomba wakiuelekea Mlima Elgon, Masaba wa wazee wao, na baadhi wakauita mlima huo Sayuni. Wake wengi wa mababu wa Agano la Kale walikuwa hoja mkononi mwa kila aliyefukuzwa na misheni kwa ajili ya mke wa pili. Tena kulikuwa na kielelezo cha wenyeji: Wabukusu walikuwa na waonaji wao, na Mutonyi Bukelembe hukumbukwa kwa kutabiri kuja kwa wageni. Masinde alisimama mahali ambapo mwonaji wa Kibukusu na nabii wa Waebrania walikutana, huku jina la nabii huyo akiwa amepewa na Wakristo. Eliya wa Biblia naye alishindana na makuhani wa dini ya kigeni iliyoungwa mkono na serikali, tena juu ya mlima. Msomaji yeyote wa Lugulu aliijua hadithi hiyo.

Neno "dini"

Jina la harakati hii ni andiko fupi linalohitaji uhakiki. "Msambwa" ni la Kibukusu. "Dini" ni la Kiarabu lililoletwa na Kiswahili, na kiunganishi "ya" ni cha Kiswahili kitupu. Swali la kuuliza ni hili: kwa nini harakati ya kurudi kwa wazee ijiite kwa neno ambalo wazee hawakulitumia?

Jibu ni kwamba misambwa haikuwa dini kabla ya kuwapo dini nyingine ya kuikabili. Ilikuwa namna ya kuishi na waliotangulia: kumtolea mzee sadaka, kumpa mtoto jina lake, kutahiri vijana katika mwaka wake. Hakuna aliyeongoka ili aingie humo, kwa kuwa kila mtu alizaliwa humo. Baada ya Kaimosi na Lugulu jambo hilo lilibadilika. Ikawezekana kuacha misambwa. Na kinachoweza kuachwa chaweza pia kurudiwa, kuchaguliwa, kuhubiriwa na kusajiliwa. Kuiita dini kulikuwa ni kudai kiti katika baraza lilelile ambamo Marafiki, Wakatoliki na Waanglikana walikuwa wameketi. Wakati huohuo ilikuwa ni kukubali masharti ya baraza hilo: kwamba imani ni kitu chenye jina, kiongozi, wafuasi na mpaka. Kwa maana hii mizimu yenyewe ndiyo iliyoongolewa.

Maofisa wa kikoloni walilisikia neno hilo kwa sikio jingine. Katika maandishi yao ya Kiingereza walilikopa hilo "dini" kuwa jina la aina fulani ya kikundi, lenye harufu ya fujo na ushirikina, ilhali makanisa ya misheni yaliendelea kupewa majina yao ya heshima. Neno lililotafutwa kwa ajili ya usawa likarudishwa likiwa tusi.

Nadharia ya Horton (1971) juu ya wongofu katika Afrika husema kwamba watu humwelekea Mungu mkuu kadiri ulimwengu wao unavyopanuka kuvuka kijiji. Kwa vibarua wa Bungoma waliokwenda kuishi katika mashamba ya Kitale hoja hiyo ina ukweli wake, maana waliachana na makaburi na wazee, na ibada zao ziliendeshwa nao wenyewe, mbali na macho ya mmisionari. Lakini miongoni mwa watu haohao wa mashambani ndimo Dini ya Msambwa ilimopata wafuasi wengi, na majengo ya masetla yakachomwa moto. Ulimwengu ulipanuka kwa wote. Baadhi wakaokoka na wengine wakamfuata Masinde. Horton anaeleza kwa nini fikra hugeuka, lakini haelezi kwa nini mtu mmoja huikubali simulizi hii badala ya ile. Hilo la pili lina uhusiano mkubwa na swali la nani aliyeruhusiwa kusimulia.

Shahidi na wazimu

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia wongofu wa Paulo mara tatu. Mara ya kwanza msimulizi ni mwandishi wa kitabu. Mara ya pili na ya tatu ni Paulo mwenyewe, akijitetea: kwanza mbele ya umati uliotaka kumwua, kisha mbele ya mfalme na liwali. Katika utetezi wa mwisho liwali Festo anamkatiza kwa sauti na kumwambia kwamba ana wazimu. Ushuhuda wa Kikristo, kwa asili yake ya kimaandishi, ni neno la mshtakiwa, na tuhuma ya wazimu ni sehemu ya kielelezo chake. Paulo, hata hivyo, alibahatika kupata mtu wa kuyaandika maneno yake kwa huruma.

Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimpeleka Masinde katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa humo hadi mwaka 1947. Wito wake ukageuzwa kuwa dalili ya ugonjwa. Augustino alisikia sauti bustanini huko Milano mwaka 386, na kwa kuwa aliisimulia mwenyewe tukio hilo likawa msingi wa tawasifu za Ulaya. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu ya miaka ile ya Masinde imetujia kwa mikono ya maofisa wa wilaya, mapolisi na mahakimu. Nafsi ya kwanza imefutwa na kuwekwa nafsi ya tatu. Simulizi zilizokusanywa kutoka kwa wafuasi miongo miwili au mitatu baadaye zinapunguza pengo hilo bila kuliziba.

Alipotoka Mathari hakunyamaza. Septemba 1947 aliongoza kusanyiko kubwa huko Chetambe, mahali pa vita vya 1895, na sadaka ikatolewa kwa ajili ya waliokufa pale. Hili ndilo tendo lake lenye ufasaha kuliko yote, na ni vigumu kuliweka katika umbo la kabla na baada. Muumini aliyeokoka hufika mbele ya watu kuwaambia kwamba yaliyopita yamekwisha. Masinde aliwapeleka watu mahali ambapo yaliyopita yalikuwa hayajakwisha, kwa kuwa waliouawa walikuwa hawajaliliwa. Chetambe hapakuwa na mtu mmoja wa kutoa ushuhuda. Waliokuwa wakishuhudiwa walikuwa marehemu.

Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi waliokusanyika Malakisi, wakaua watu 11. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, na Masinde akakamatwa na kuhamishiwa mbali na kwao, Lamu ikiwa mojawapo ya mahali alikowekwa. Ni kinaya cha aina yake kwamba aliyedai misambwa iitwe dini alipelekwa katika mji ambao neno hilo lilikuwa limezoeleka kwa karne nyingi. Aliachiwa karibu na uhuru. Serikali ya Kenya huru iliisajili dini yake mwaka 1964, na ikaipiga marufuku tena mwaka 1968, naye akafungwa mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Waliobadilika ni watawala. Yeye, kwa lugha ya ushuhuda, hakuwa na -me- ya kuwapa.

Wakati huohuo umbo la ushuhuda lilizidi kushamiri. Baada ya uhuru mashamba mengi ya masetla yaligawanywa na kununuliwa, na Kitale ikawa makutano ya Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu na wengine. Katika mikutano ya injili ya mjini na sokoni Kilogooli hakikufaa tena, wala Kibukusu. Lugha ya kuokoka ikawa Kiswahili, na salamu ya "Bwana asifiwe" iliyoenezwa na uamsho ikawa mlango wa kila usimulizi. Marafiki wa Kenya nao wakawa wengi kuliko Wakweka wa nchi nyingine yoyote duniani. Katika shuhuda za mikutano hiyo mizimu ya wazee hutajwa bado, ila mahali pake pamewekwa tayari: katika sehemu ya -li-, pamoja na pombe na ugomvi, kabla ya mgeuko.

Masinde alifariki mwaka 1987. Marafiki hawakuwa wamembatiza kwa maji, na mengi waliyomtaka ayaache aliyarudia mbele ya macho yao. Alama moja ya usomaji wake, jina la nabii Eliya, aliendelea kuitwa nayo mpaka siku hiyo, nao wafuasi wake hawakumpa nyingine.